Stoo ya Shangazi

Ufunguo ulikuwa umekatikia ndani ya kitasa, na kila Fundi alipojaribu kuushika kwa koleo ulizidi kuzama. Tusi lilimjia mdomoni akalimeza, maana dada yake alikuwa karibu.

"Mtafute fundi mwingine," alisema. "Mimi naenda zangu."

"Mwingine yupi, na fundi vitasa wa ukoo ni wewe?" dada alijibu kutoka uani. "Shangazi hajameza dawa tangu asubuhi."

Aliyekwama ndani ya chumba kile ni Shangazi, aliyewalea wote wawili baada ya mama yao kufariki. Fundi aliapa kutosema naye tena siku alipohama kwake, na kiapo hicho alikuwa amekitunza hadi nywele zikaanza kuota mvi. Leo amerudishwa miguuni pake na kitasa, tena kitasa cha hovyo. Katika nyumba nzima ya dada huo ndio mlango pekee wenye ufunguo, na uliwekwa kwa sababu mgonjwa aling'ang'ania faragha yake. Vyumba vingine vyote vilikuwa na mapazia tu. Fundi siku zote aliita jambo hilo ubahili.

"Sikuelewi hata kidogo," alisema huku akibadilisha bisibisi. "Unamwogesha, unamlisha. Umesahau alivyonifungia stoo?"

Kule uani dada aliendelea kuanika shuka la mgonjwa.

"Kutwa nzima, eti kwa sababu ya maziwa kumwagika. Giza totoro. Gunia la saruji, ndoo iliyotoboka, panya…"

"Wawili," dada alisema.

"Ehe, wawili." Alikuwa amekisimulia kisa hicho mara nyingi mno, mpaka dada akawa anamsahihisha. Zamani, kila alipokianza, dada alifungua mdomo kama mwenye neno, kisha akaufumba. Siku hizi alisikiliza tu.

Na hakukuwa na kasoro ambayo Fundi hakuipa makao ndani ya stoo ile. Hasira zake za karibu zilitoka humo. Kulala na taa, humo. Kutomwamini mtu, humo pia. Mkewe alipofungasha virago, alimweleza kwamba mtu aliyefungiwa utotoni hawezi kuwa mwepesi wa kupenda. Mkewe alimjibu kwamba amechoka kuolewa na stoo. Hata ufundi wenyewe, alipenda kuwaambia wateja, aliuchagua ili asipatikane tena mtu wa kumfungia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu aliamua kabisa kufanya biashara ya nyasi.

Koleo liliteleza likamchuna kidole. Hapo uvumilivu ulimwishia, akaupiga mlango teke.

"Shangazi, sikufungulii mpaka uombe radhi."

"Mwache, mdogo wangu, ni mgonjwa," dada alisema. Lakini hakusogea kutoka uani. Tangu asubuhi alikuwa hajatia mguu kwenye korido ya mlango ule.

"Mdomo wake hauumwi. Aseme neno moja tu kuhusu ile stoo. Nimelingoja maisha yangu yote."

Kitanda kililia. Walisikia mkongojo ukigonga sakafu polepole, ukakaribia, mpaka pumzi za mzee zikasikika nyuma tu ya ubao.

"Ni kweli," Shangazi alisema. "Nilikosa. Kosa la maziwa halikustahili adhabu ile, na kila siku naona aibu kulitamka. Nisamehe, mwanangu."

Fundi aliegemeza paji la uso mlangoni. Hakutegemea kulia, lakini alilia, na kifua kilichokuwa kimebana miaka yote hiyo kikapata nafasi. Aliona kwamba kuanzia leo anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, mpole, wa kulala gizani. Pengine hata angempigia mkewe simu. Alishika koleo tena kwa mkono uliotulia, na kipande cha ufunguo kikatoka kama jino bovu.

"Nimekusamehe, Shangazi," alisema, akasukuma mlango.

Mzee alisimama mbele yake, amejiinamia kwenye mkongojo, macho yakimpita yeye na kutafuta kule uani.

"Asante, baba. Sasa niitie dada yako, nataka anijibu mwenyewe."

"Dada ajibu nini? Stoo nilifungiwa mimi."

Shangazi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Wewe? Wewe ulikuwa nje, umelala kifudifudi pale mlangoni, unamuuliza dada yako humo ndani kuna nini."