Nane kati ya Elfu

Kila asubuhi, kwa sheria, bangili ya afya ya Bi Saumu hutaja kwa sauti hatari yake mbele ya watu wa nyumbani. Dawa zilizomponya saratani ya titi miaka minne iliyopita zinaweza, kwa watu wachache, kuleta saratani ya damu. Siku zote bangili ilisema, "Sita kati ya elfu." Jumatatu ikasema, "Nane."

Binti yake, Zuwena, akaweka kikombe chini. "Mama, harusi tuifanye mwezi huu huu."

"Mkeka wako haujafika hata nusu."

"Tutanunua dukani."

"Bibi harusi wangu alalie mkeka wa dukani? Watu watauliza kama nimekatika mikono."

"Mama, ni nane!"

"Na wale mia tisa tisini na wawili, mbona huwataji? Harusi ni Desemba, kama tulivyowaambia wakweo. Niletee ukindu."

Zuwena akauleta. Bi Saumu akasuka kutwa nzima, vidole vikimuuma, bila kuharakisha wala kulegeza.

Asubuhi iliyofuata, bangili ilipoanza kusema, naye akaanza kuimba wimbo wa kumtoa bibi harusi. Aliimba kwa sauti kubwa mpaka bangili ikanyamaza, na namba hakuisikia.

Lakini Zuwena aliisikia; alikuwa ameacha kutafuna mkate.

Bi Saumu hakumuuliza kitu. Aliuvuta ukili, ule msuko wa mkeka, mapajani, akamnyooshea binti yake upande mmoja.

"Shika hapa, mwanangu. Kaza."