Herufi za Ukoo wa Mwinyikae

Mwaka huo kila ukoo ulitakiwa kuandika jina lake kwa namna moja tu, na mwenye kuchagua ni mkubwa wao kwa umri. Akishachagua, mitambo ya serikali ingelirekebisha kila mahali lilipoandikwa, hata zamani. Kwa ukoo wa Mwinyikae, waliokuwa watawala wa mji zamani, mkubwa huyo alikuwa Bi Mwanakheri, ajuza wa miaka themanini na minane.

Jamaa walijaa nyumbani kwake tangu asubuhi. Wa mjini walijiandika Mwinyikae, wa bara Mwenyekai. Akina Munikai walibaki mlangoni, maana siku zote waliambiwa si watu wa nyumba ile, ati hata jina hawajui kuliandika.

“Ingieni, wanangu,” Bi Mwanakheri akawaambia. “Nyinyi ni wajukuu wa mdogo wake babu. Karani alikosea herufi, nasi tukaligeuza kosa lake ukuta.”

Akaweka kidole kwenye kioo cha mtambo wa serikali, akatamka, “Munikai.”

Hatibu, mtoto wa kaka yake, akacheka. “Basi na mimi ni Munikai, Shangazi.” Vigelegele vikarindima, pilau ikapakuliwa, na watu ambao hawakuwahi kula sinia moja wakagombania ukoko.

Alasiri, Bi Mwanakheri akiwa bado anatabasamu, alifungua kwenye simu picha ya barua ya marehemu baba yake. Chini, kwa mwandiko uleule wa baba, palikuwa na sahihi: Munikai.

Akamwonyesha Hatibu. “Baba hakuandika hivi.”

“Mbona ni sawa, Shangazi,” Hatibu akasema. “Si ndilo jina letu?”