Saa Nzima ya Kuunganisha

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla ya alfajiri. Bibi Nyamizi alimmiminia chai dada yake mkubwa, Kabula, aliyekuwa anaondoka tena asubuhi hiyo, na ambaye uso wake ulikuwa bado wa msichana. Abiria wa treni za mbali hulazwa usingizi usiozeesha, na anayekosa treni ya kuunganisha huendelea kulala stesheni mpaka nafasi ipatikane. Kabula, akija huku, alilala miaka arobaini.

"Safari hii nimepata saa nzima ya kuunganisha, mdogo wangu."

"Hata ile ulisema hivyo hivyo, dada."

Kabula akacheka, akamfunika kitenge mabegani.

Nyamizi akamshika mkono. "Usiponikuta, wajukuu zangu watakufungulia mlango. Picha yako wanaijua, nawe hutakuwa umebadilika. Uje tena tu, dada."