Siku Iliyowekwa Rehani

Mwaka 2084, wakati wa kipupwe, sheria iliruhusu mzazi kuweka rehani siku za kutembelewa na wanawe. Bi Anyelwisye, mjane aliyeishi Mbozi, alimwekea rehani jirani yake asiye na mtoto, Bi Subilaga, siku yake pekee ya kutembelewa mwaka ule, akapata fedha za kununua hisa za kampuni iliyotafuta madini adimu mlimani. Mlima ukatoa udongo mtupu, hisa zikawa si kitu, naye akashindwa kuikomboa siku yake.

Siku hiyo ilipofika, Tusekile, binti yake, alibisha hodi.

“Mama, mbona hufungui? Nimekuletea ndizi!”

“Zipeleke kwa Bi Subilaga, mwanangu. Leo wewe ni wake.”

“Umeniuza kwa ajili ya mawe, mama?”

Bi Anyelwisye aliuegemea mlango mpaka aliposikia, ng’ambo ya ua, sauti ya jirani ikiitikia, “Marahaba, mwanangu.”