Megabaiti za Bwana Abdulbasit

Umi alikuja na futi ya kushonea. Nasima akaja na mizani ya dukani. Crispus, fundi wa kompyuta kutoka Mbololo, akaangalia futi, akaangalia mizani, akaweka bisibisi chini.

"Mama, hii kitu haipimwi hivyo."

"Wewe kata," Umi akamwambia. "Kupima tuachie sisi."

Mwenye kompyuta, Bwana Abdulbasit, muuza vitambaa hapo Voi, alikuwa kwenye mkeka akijipepea na gazeti. Mtu wa haki sana, huyo. Alipomuoa Nasima juu ya Umi, aliahidi mbele ya mashahidi kwamba siku atakayompendelea mmoja, mwingine abebe vyombo arudi kwao. Tangu hapo akileta papa, vipande vinapimwa kwa uzi. Akimchekea mmoja asubuhi, jioni anamchekea mwenzake, hata kama hakuna la kuchekesha.

Halafu mwaka huo wa tisini na saba akanunua kompyuta. Moja.

"Megabaiti elfu moja na mia mbili!" aliwatangazia wateja. "Voi nzima hupati diski kama hiyo."

Nyumba ikawaka moto siku hiyo hiyo. Umi alikuwa amepiga taipu ofisini miaka tisa. Alitaka DOS, ile ya skrini nyeusi na maandishi tu, aandike kadi za harusi. Nasima alikuwa ametoka kozi Mombasa na yeye ni Windows 95 au basi, kwa sababu ndiyo yenye karata. Mmoja akiweka yake, mwingine anaifuta. Ikafika mahali hakuna anayepika.

"Tutaweka zote mbili," Crispus alikuwa amesema. "Diski inakatwa kama shamba. Ukiwasha, inakuuliza unaingia kwa nani."

Ilibidi angoje Jumamosi, maana Alhamisi kompyuta haikuwa nyumbani. Kila Alhamisi Abdulbasit aliifunga kwa leso, akaipakia kwenye pikapu, akaipeleka Taveta kupulizwa vumbi. Vumbi la Voi si mnalijua. Wanalala huko, yeye na kompyuta, wanarudi Ijumaa na mikungu miwili ya ndizi iliyolingana. Kompyuta inarudi inang'aa, inanukia udi.

"Kwani fundi wa huko anafukiza udi?" Nasima aliwahi kuuliza.

"Unafukuza wadudu," alijibiwa.

Crispus akafanya kazi mpaka adhuhuri. Kila akifika pahali pa kukata, alimtazama Abdulbasit. Abdulbasit akatazama dari.

"Haya, tayari. Bi Umi, anza."

Umi akawasha, akaingia kwake, akaandika amri. Megabaiti mia nne. Nasima akaingia kwake, akabonyeza hapa na pale. Mia nne. Wakaangaliana, halafu, kwa mara ya kwanza tangu Nasima aolewe, wakacheka pamoja. Abdulbasit akasema alhamdulillahi, akaagiza soda mbili, rangi moja, zote baridi.

Umi alifika nusu ya chupa akaacha kunywa.

"Nasima, wewe umetoka kozi juzi. Elfu moja na mia mbili, toa mia nne zangu, toa mia nne zako?"

"Zinabaki mia nne, bi mkubwa."

"Ziko wapi?"

Wote wakamgeukia Crispus. Crispus akaanza kukusanya bisibisi zake.

"Hizo... hizo zimekulwa na system."

"Mia nne? Hiyo system ina minyoo?"

"Bi mkubwa, usijifanye," Nasima akasema, cheko limekwisha. "Umeongezewa wewe. Tangu lini mume akamsahau wa kwanza?"

"Mimi? Si wewe, mtoto wa juzi, unayechezeshwa karata!"

Soda zikawekwa chini. Umi akaingia ndani, akatoka na kapu na sufuria tatu. Nasima akatoka na sanduku la nguo. Abdulbasit akaruka kutoka kwenye mkeka, akaziba mlango kwa mikono miwili.

"Wake zangu, jamani, subirini! Si mmepima wenyewe?"

"Tupishe," Umi akasema. "Mashahidi wako bado wako hai. Nitawaambia umempendelea."

"Hata mimi nitawaambia," Nasima akasema.

"Miaka yote unatupimia papa kwa uzi," Umi akamalizia, "kumbe dhalimu."

Abdulbasit alishaitwa bahili, alishaitwa mwoga, hata mzito wa kusikia, akanyamaza. Lakini dhalimu? Jasho likakauka. Akaachia mlango, akanyoosha kidole juu.

"Dhalimu, mimi? Wallahi sijapunja mtu, na Crispus huyu ni shahidi! Umi mia nne, Nasima mia nne, na Nuha wa Taveta mia nne!"