Minyoo Wawili, Jina Moja

Niletee mnyoo bapa wa nchi kavu, hata kipande, nitakuambia ni wa spishi gani. Kazi hii naijua. Leo nimeletewa wawili kutoka shamba la migomba: mmoja ana macho mwili mzima, mwenzake anayo kichwani tu. Nikawapasua, nikatazama viungo vya uzazi kwa hadubini. Havifanani hata kidogo. Lakini mashine ilisoma jeni zao ikasema ni kitu kimoja, na sheria ya siku hizi iko wazi: jeni zikilingana, jina ni moja. Sikusita. Nikawapa jina moja, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani.

Sheria hiyo inatuhusu watu pia. Mimi na pacha wangu wa kufanana tulizaliwa Kulwa na Doto; sasa sote ni Kulwa. Mimi ndiye niliyekuwa Doto. Sijali. Sayansi ni sayansi.

Nilimkuta mama jikoni akiosha sufuria.

“Shikamoo mama. Chakula changu kiko wapi?”

“Marahaba.” Aligeuka, akanitazama vizuri, toka usoni hadi miguuni. “Lakini Kulwa,” akasema kwa upole, “si umeshakula?”