Mteja wa Uholanzi

Rispa aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, akanakili kiganjani anwani iliyokuwa mlangoni pa jirani yake.

Karatasi yenyewe Nyasuguta aliibandika makusudi, soko zima la Migori liione: nakala ya barua pepe aliyomwandikia mnunuzi wa Uholanzi. Tangu kompyuta ifike mjini mwaka huo wa 1999, alikuwa akisafirisha twiga na tembo wa mawe ya Kisii kila mwezi. Duka la Rispa, ng'ambo ya barabara, lilikuwa na vinyago vilevile, pamoja na vumbi.

"Mama Tony, bado unangoja watalii?" Nyasuguta alimuuliza juzi, tena mbele ya watu. "Siku hizi wanapita kwenye waya!"

Maneno hayo yalimkwama Rispa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Karatasi ilikuwa na anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, herufi na tarakimu tupu. Rispa alichukua ya juu. Mteja ndiye mkubwa, na mkubwa hutangulia.

Kwa Liz, mwenye kompyuta, alinyoosha kiganja.

Liz alikisoma, akamtazama. "Una hakika ni huyu, mama?"

"Nimekulipa uchape au unihoji? Mwambie kwamba huyo anayemuuzia sasa anamnyonya. Mimi nitampa kwa nusu ya bei."

Jibu lilikuja siku iyo hiyo. Mnunuzi alitaka vinyago vyote, ila yule tembo aliyevunjika mkonga abaki. Jumamosi angetuma mtu wa mkokoteni na pesa mkononi. Rispa alitikisa kichwa. Wazungu wanaona mbali jamani!

Siku mbili alifunga vinyago kwa nyasi kavu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Nusu ya bei ilikuwa hasara, alijua, lakini hasara hiyo ilimnogea kuliko faida.

"Naona umepata soko, Mama Tony," Nyasuguta alisema akipita.

"Mungu si wa mtu mmoja."

Jumamosi mtu wa mkokoteni alilipa, akapakia, akakaza kamba. Rispa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, ili jirani yake auone vizuri mzigo ukianza safari ya Ulaya.

Mkokoteni ulivuka barabara, na Nyasuguta akaufungulia milango yote miwili.